Shajara ya tangi la alumini: tangsteni ipi, gesi ipi

Jumatatu, kabla ya kuwasha mashine

Tangi ni la dizeli na litakaa chini ya sitaha ya boti, mbali na injini. Mwili wake ni bati la aloi ya alumini ya 5052 lenye unene wa milimita 3. Juu zinakuja flanji mbili, yaani mabamba ya kufungia, za aloi ya 6061 zenye unene wa milimita 10, moja ya mlango wa kusafishia, nyingine ya bomba la kunyonyea mafuta pamoja na geji. Ndani kuna kuta zenye matundu za kutuliza mafuta boti inapoyumba. Nachomelea kwa TIG, yaani kwa tao la umeme linalowaka kati ya fimbo ya tangsteni na kazi, ndani ya gesi ya kinga. Mashine ni inveta, ya kielektroniki, ya AC (mkondo geu) na DC (mkondo mnyoofu) inayofika ampea 200, na tochi yake inapozwa kwa maji.

Shajara hii naiandika kwa ajili ya mambo mawili tu, tangsteni na gesi ya kinga, kwa sababu hapo ndipo tangi la alumini linapopona au linapoharibikia. Mshono unaweza kung'aa juu na tumboni ukawa umejaa vitundu, na dizeli hupenya mahali ambapo maji yangekaa bila kupita. Halafu vitu hivi viwili havichaguliki kimoja kimoja. Gesi ndiyo inayoamua joto litakalofika kwenye kazi kwa ampea zilezile. Ampea ndizo zinazoamua unene wa tangsteni. Na ncha ya tangsteni, ukiitazama baada ya kila mshono, ndiyo inayokuambia kama gesi inafika ipasavyo. Msimamo wangu katika mradi huu ni huo: kabla ya kugusa kitufe chochote, tazama ncha kwanza.

Niweke na msingi wa AC hapa, maana uchaguzi wote unasimama juu yake. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Ngozi ya oksidi inayoifunika, nyembamba mno hata jicho haliioni, haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 2,070. Ukiipasha tu, alumini ya chini inalegea huku ngozi bado imeshikilia, na fimbo ya kujazia inakataa kuchanganyika. Mkondo unapogeuka na tangsteni ikawa upande wa chanya, ngozi ile inavunjwa na kufagiliwa pembeni. Unapogeuka tena na tangsteni ikawa hasi, sehemu kubwa ya joto inakwenda kwenye alumini na kidimbwi, yaani alumini iliyoyeyuka chini ya tao, kinazama. Usafishaji huo tangsteni inaulipia, kwa sababu katika zamu ya chanya joto linairudia yenyewe. Kwa hiyo tunatafuta tangsteni inayostahimili zamu hiyo bila kupoteza umbo.

Jumanne, rangi za tangsteni

Kwenye kisanduku kuna fimbo za rangi tano. Rangi ya mwisho wa fimbo ndiyo kitambulisho chake, na kiwango cha ISO 6848 kimezipanga vizuri. Kijani ni tangsteni tupu. Nyekundu ina oksidi ya thori asilimia 2. Kijivu ina oksidi ya seri asilimia 2. Nyeupe ina zirkoni asilimia 0.8. Buluu ina lanthani asilimia 2, na ndugu zake ni dhahabu yenye asilimia 1.5 na nyeusi yenye asilimia 1. Zipo pia za zambarau na rangi nyingine zenye mchanganyiko wa oksidi adimu, lakini hizo kila mtengenezaji ana vipimo vyake, hivyo ni lazima usome boksi.

Nyekundu niliitoa mezani mapema. Thori ina mnururisho wa alfa. Ukiwa umeishika mkononi haina neno kubwa, ila vumbi lake wakati wa kunoa likiingia mapafuni linakaa humo na kuendelea kuunguza. Kwenye AC pia haina sifa nzuri, maana ncha yake huota vijinundu na tao linaanza kuruka kutoka kijinundu kimoja hadi kingine. Kwa kuwa ipo tangsteni nyingine inayofanya kazi vizuri zaidi kwenye alumini, sioni sababu ya kuvuta vumbi hilo.

Kijana ninayefanya naye kazi akaniuliza, "Fundi, mbona chati ya ukutani inasema alumini ni kijani?"

"Chati ile ni ya enzi za transfoma, mwanangu. Kwa mashine ile ilikuwa sahihi. Hii yetu ni inveta."

Jibu hilo linahitaji kufafanuliwa. Mashine ya transfoma hutoa mkondo wa wimbi la taratibu, na kila unapopita sifuri tao linataka kuzimika. Nusu yake ya chanya ni ndefu, tangsteni inapata joto jingi, na njia rahisi ilikuwa kuiacha ncha iyeyuke ijitengenezee kigololi laini. Tangsteni tupu na ile ya zirkoni hutengeneza kigololi safi bila kupasuka. Inveta hugeuza mkondo kwa mstatili, ghafla, na unaweza kufupisha nusu ya chanya utakavyo. Hapo ncha iliyonolewa inaweza kubaki na umbo lake, na tao likakaa jembamba mahali unapolitaka. Kinachosaidia zaidi ni oksidi zilizochanganywa ndani ya fimbo. Tangsteni tupu inahitaji kama elektronivolti 4.5 ili kuachia elektroni moja, na oksidi ya lanthani au ya seri inashusha kiwango hicho. Elektroni zikitoka kwa urahisi, tao linawaka kwa mguso mdogo wa pedali ya kuongoza ampea na ncha haipati joto kupita kiasi.

Nilizijaribu zilizobaki kwenye mabaki ya bati lilelile la milimita 3, zote za unene wa milimita 2.4, kwa argoni na mpangilio mmoja wa mashine, ampea 130. Kijani iliota kigololi kikubwa kabla mshono haujafika katikati. Tao likawa pana, likayumba, na kwenye kona ya ndani lilikwenda ukutani badala ya kwenda kwenye kiungo. Nyeupe ilitulia zaidi, kigololi chake kidogo na safi, na mtu mwenye transfoma asiidharau hata kidogo. Kijivu iliwaka vizuri kuliko zote kwa ampea za chini, ila joto lilipokaa juu kwa muda ncha yake ilianza kulika pembeni. Buluu ndiyo iliyonifurahisha. Kwenye ncha ilijitengenezea kuba dogo sana, na kuba hilo likabaki vilevile mshono mzima. Nilipoitoa kwenye koleti, kishikio chake ndani ya tochi, ilikuwa na rangi ya fedha mpaka mwisho.

Kazi ya bati itakuwa ya buluu. Kuhusu unene, ampea ndizo zinazoamua. Kwa AC ya inveta naichukua ya 1.6 mpaka kama ampea 90 au 100, ya 2.4 kutoka hapo hadi kama 170, na ya 3.2 kwa kinachozidi. Fimbo nyembamba kwenye ampea nyingi hutetemeka nchani, na matone ya tangsteni yanaweza kudondokea kwenye kidimbwi. Tangsteni inayeyuka kwenye nyuzi 3,422, kwa hiyo tone hilo haliyeyuki tena ndani ya alumini. Linabaki kama punje ngumu, na kwenye picha ya eksirei linaonekana doa jeupe. Fimbo nene kupita haja nayo haifai, kwa sababu tao linazungukazunguka nchani likitafuta mahali pa kukaa.

Jumatano, kunoa na kupanga mkondo

Nanoa kwa urefu wa fimbo, mistari ya jiwe ikielekea nchani. Mistari ikizunguka fimbo, tao linaifuata na kuyumba. Jiwe hili halinoi kitu kingine chochote, kwa kuwa chembe za chuma kilichonolewa jana zinahamia kwenye tangsteni ya leo. Baada ya kuchonga ncha naikata kidogo mbele, ibaki bapa dogo la kama nusu milimita. Ncha kali kama sindano inafaa kwa DC kwenye stenlesi, ila kwenye AC inayeyuka mara moja na unaweza kuikuta ndani ya mshono.

Urari wa AC, yaani mgawanyo wa muda kati ya zamu ya hasi na ya chanya, nimeuweka upande wa hasi uchukue asilimia 70. Mashine nyingine huandika kinyume, zinahesabu upande wa usafishaji, hivyo 70 ya mashine hii ni 30 ya ile. Ni vizuri kuhakikisha kabla, maana ukikosea upande huo tangsteni ya milimita 2.4 inageuka kigololi kabla hujaongeza fimbo ya pili. Kipimo cha macho ni ukanda mweupe, uliofifia, unaoonekana kandokando ya mshono. Huo ndio upana uliofagiliwa oksidi. Nikiuona wa milimita moja au mbili kila upande natosheka. Ukiwa mpana sana najua natupa joto kwenye tangsteni bure. Ukikosekana, na kidimbwi kikawa na utando unaoelea, naongeza usafishaji kidogo kidogo.

Masafa ya AC, yaani mara ngapi mkondo unageuka kwa sekunde, nimeyapandisha hadi hezi 120. Tao linakuwa jembamba na gumu, linakaa kwenye kona bila kutangatanga. Kwa flanji nene huenda nikayashusha.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosana na gesi bila kujua. Ncha ikiwa na kigololi kikubwa, huo ni urari au ampea, gesi haina kesi. Ncha ikiwa na umbo zuri lakini imegeuka buluu, zambarau au nyeusi kama makaa, hapo urari hauna kesi. Tangsteni imeungua kwa oksijeni, na sababu iko kwenye gesi.

Alhamisi, argoni

Kwa bati la milimita 3 sihitaji kitu zaidi ya argoni tupu. Katika kiwango cha ISO 14175 ni kundi I1, na mtungi wangu umeandikwa usafi wa asilimia 99.995. Argoni ni karibu asilimia 0.93 ya hewa tunayovuta, na hupatikana kwa kuigandamiza na kuipoza hewa mpaka iwe kimiminika kisha kuitenganisha. Ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo inakaa juu ya kidimbwi badala ya kupaa. Na kwenye AC hufanya jambo ambalo gesi nyepesi haiwezi kwa kiwango hicho: husafisha oksidi vizuri na kuwasha tao kwa upole.

Mitungi mingine iliyomo karakana nimeisogeza mbali na mashine hii. Gesi ya uchomeleaji wa MIG, wa waya unaojilisha, yenye argoni na kabonidayoksaidi inaunguza tangsteni ndani ya sekunde chache na kuijaza alumini uchafu. Mchanganyiko wa argoni na haidrojeni, ambao watu wa stenlesi wanaupenda, kwa alumini ni sumu. Alumini iliyoyeyuka inaweza kubeba haidrojeni karibu mara 20 ya ile inayoweza kubeba ikishaganda. Kidimbwi kinapoganda haidrojeni yote ile inatafuta pa kutokea, na isipowahi inabaki kama vitundu. Ndiyo maana unyevu, mafuta, jasho la vidole na hata fimbo ya kujazia iliyokaa wazi ni adui. Maji na mafuta vyote vina haidrojeni ndani yake.

Kwa hiyo usafi unaenda na gesi. Kwanza asetoni na kitambaa safi, kisha brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa sababu ukianza na brashi unayasugua mafuta mpaka ndani ya bati. Vimumunyisho vyenye klorini havikaribii meza hii kabisa, maana miale ya tao inaweza kuvigeuza fosijeni, gesi inayoua.

Kikombe cha tochi ni namba 7. Namba hizo zinahesabu sehemu za 16 za inchi, kwa hiyo tundu lake ni kama milimita 11. Ndani nimeweka lenzi ya gesi, yaani nyavu zinazonyoosha mtiririko. Kwa kikombe hicho lita 9 kwa dakika zinanitosha mezani.

"Fundi, kwa nini tusiongeze gesi mpaka 15, tuwe na uhakika?"

Nilimwambia aongeze aone. Kwenye lita 18 tao lilianza kutoa sauti ya mkwaruzo na mshono ukapoteza mng'ao. Gesi ikitoka kwa kasi kupita kiasi inajizungusha mdomoni mwa kikombe na kuvuta hewa ya pembeni ndani yake. Zaidi ya hapo kinachoongezeka ni hewa chafu, na mtungi unakwisha. Mtungi wa lita 10 uliojazwa bar 200 una kama lita 2,000 za gesi. Kwa lita 9 kwa dakika hizo ni kama saa tatu na dakika 40 za mtiririko, ukihesabu pia gesi inayotoka kabla na baada ya tao.

Gesi ya baada ya tao siifanyii uchoyo. Kanuni ninayoifuata ni sekunde moja kwa kila ampea 10, kwa hiyo ampea 130 ni sekunde 13, na tochi nimeishikilia palepale juu ya mwisho wa mshono. Tangsteni yenye moto ikikutana na hewa inageuka buluu, na oksidi hiyo ndiyo itakayodondoka kwenye mshono unaofuata.

Ijumaa, vidoa vyeusi

Leo asubuhi mshono wa kwanza wa majaribio ulitoka na vidoa vidogo vyeusi, vimetawanyika kama pilipili manga. Bati lilikuwa safi, fimbo mpya, mpangilio wa jana. Ncha ilikuwa na umbo zuri lakini imefifia, ina kivuli cha zambarau karibu na kuba. Nikajua ni gesi.

Kipimo changu cha gesi ni hiki. Nachukua kipande kisafi, nawasha tao mahali pamoja bila fimbo ya kujazia mpaka kidimbwi kiwe na upana wa kama milimita 8, nazima, na nashikilia tochi mpaka gesi iishe. Doa likiganda jeupe na lenye kung'aa katikati, gesi ni nzima. Hili liliganda la kijivu, na katikati kulikuwa na ukoko.

Tulipaka maji ya sabuni kila kiungo kuanzia vali ya mtungi. Regyuleta haikutoa povu, kiungo cha mashine hakikutoa povu. Kofia ya nyuma ya tochi ilikuwa na pete yake nzima. Uvujaji ukaonekana kwenye mpira wa gesi, mahali ulipopindwa siku nyingi nyuma ya mashine, povu dogo sana linalokua taratibu. Mtu angesema gesi iko kwenye shinikizo, inatoka tu, hewa haiwezi kuingia. Inaingia. Unyevu hupenya kwenye mpira uliochoka hata gesi ikiwa inatoka, na usiku mashine ikiwa imezimwa mpira wote unajaa hewa ya nje. Mpira mpya, dakika moja ya kupitisha gesi kabla ya kuwasha, na doa la kipimo likang'aa. Tangsteni niliikata sehemu iliyoungua, sikuisugua tu juujuu, kwa kuwa oksidi inaingia ndani zaidi ya inavyoonekana.

Mshono wa chini wa tangi umeshonwa alasiri. Fimbo ni 5356, yenye magnesi karibu asilimia 5, inayoelewana na 5052 na 6061 zote mbili. Haitakiwi mahali panapokaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kwa muda mrefu, na tangi hili halitafika huko. Fimbo ya 4043 yenye silikoni inatiririka kwa uzuri wa kuvutia macho, lakini kwa bati la 5052 siipendi, kwa sababu magnesi na silikoni zikikutana kwa wingi mshono unakuwa mkavu na mwepesi kukatika.

Jumamosi, flanji na heli

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze shajara. Flanji ya milimita 10 juu ya bati la milimita 3. Alumini hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma cha kawaida, kwa hiyo flanji inalimeza joto na kulisambaza mwili mzima, huku ukingo wa bati jembamba umeshaanza kulegea. Kwa argoni na ampea 200 zote, kidimbwi kilichukua muda mrefu kutokea upande wa flanji, na kilipotokea bati lilikuwa limeshaanza kuinama. Mashine haina ampea nyingine za kutoa.

Njia ni mbili, na nimezitumia zote kwa kiasi. Ya kwanza ni kupasha flanji kabla. Naipeleka kama nyuzi 100 na siivushi 120, kwa sababu aloi hizi hupoteza nguvu zikikaa kwenye joto. Napima kwa chaki ya joto, maana kipimajoto cha miale kikielekezwa kwenye alumini inayong'aa kinasoma chini sana kuliko hali halisi.

Ya pili ni heli. Argoni inahitaji elektronivolti 15.8 ili iachie elektroni na kupitisha mkondo, heli inahitaji 24.6. Tao ndani ya heli linadai volti nyingi zaidi kwa ampea zilezile, na volti mara ampea ndilo joto. Juu ya hapo, heli yenyewe hupitisha joto vizuri kuliko argoni, kwa hiyo kidimbwi kinakuwa kipana na kinashika haraka. Kwa mashine iliyofika mwisho wa ampea zake, heli ni kama kuongezewa mashine. Ilitangulia hata argoni katika kazi hii. Russell Meredith wa kampuni ya Northrop, Marekani, alipotengeneza tochi ya tangsteni mwanzoni mwa miaka ya 1940 ili kuchomelea magnesi ya ndege, gesi yake ilikuwa heli, na ndiko jina Heliarc lilikotoka.

Sikuchukua heli tupu. Kwenye AC inawasha tao kwa shida na haisafishi oksidi kama argoni. Wanaoitumia tupu huichomelea kwa DC, tangsteni ikiwa hasi, na hapo hakuna usafishaji wowote wa tao, kwa hiyo oksidi inakwanguliwa dakika chache kabla na kazi nyingi ya namna hiyo hufanywa na mashine zinazojiendesha. Mtungi niliouchagua una argoni asilimia 75 na heli 25, kundi I3. Tao bado linawaka kwa mguso mmoja, ukanda wa usafishaji bado unaonekana, na kidimbwi upande wa flanji kinatokea kabla bati halijaanza kulalamika. Nusu kwa nusu ningeifikiria kwa flanji ya milimita 15 na kuendelea.

Jambo la kuangaliwa ni kipima mtiririko. Kigololi cha kipima cha argoni kinadanganywa na gesi nyepesi. Mchanganyiko wa asilimia 25 ya heli una uzito kama robo tatu na kidogo ya argoni, kwa hiyo gesi halisi inayopita ni karibu asilimia 13 zaidi ya inavyosomeka. Kwa nusu kwa nusu tofauti hiyo inafika theluthi. Lakini gesi nyepesi pia inahitaji mtiririko mkubwa zaidi ili ifunike kidimbwi, kwa hiyo nimesoma 12 nikijua kwamba inatoka kama 13.5, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Gesi ilipobadilika, tangsteni nayo ikabadilika. Ile ya 2.4 kwenye ampea 190 ilikuwa inang'aa mpaka mbali na ncha, na kuba lilianza kukua. Nimehamia buluu ya milimita 3.2 na kikombe namba 8, na masafa nimeyashusha hadi hezi 90 ili tao lipanuke kidogo. Tao nalielekeza kwenye flanji, fimbo naiingiza ukingoni, na bati linapokea joto linalomwagikia upande wake. Mwisho wa mshono naachia pedali polepole huku nikiongeza fimbo, kwa kuwa shimo la mwisho likiachwa tupu kwenye 6061 hupasuka nyota likiwa bado na moto. 6061 haichomelewi bila fimbo kabisa.

Jumatatu, kona na kuta za ndani

Kona za nje zinaila gesi. Argoni inayomiminika kwenye ukingo inaangukia pande zote mbili na kukiacha kidimbwi wazi. Kwa lita 9 ncha ilianza kufifia, kwa 11 ikang'aa tena. Nimefunga pia kipande cha alumini kando ya ukingo ili kuishikilia gesi, na hicho kimesaidia kuliko lita za ziada. Kona za ndani ni kinyume chake, gesi inatulia humo kwa raha na lita 8 zinatosha.

Kwenye kuta za ndani kikombe hakifiki kiungoni, kwa hiyo tangsteni imetoka nje ya kikombe kwa milimita 12. Bila lenzi ya gesi nisingethubutu urefu huo.

Nilimkataza kijana kuingiza kichwa ndani ya tangi kuangalia mshono. Argoni ni nzito, haina harufu, na inajaa kuanzia chini. Tunapuliza hewa ndani kwa feni kwanza, ndipo tunaangalia, na tunaangalia kwa kioo.

Jumanne, kupima

Kipande cha majaribio cha flanji na bati nilikikata katikati, nikakilainisha kwa sandpepa laini na kukitazama kwa kikuza. Mshono umezama pande zote mbili, na vitundu viwili vidogo kama ncha ya pini viko karibu na uso, mbali na mzizi. Kwa kazi hii naupokea.

Tangi limejazwa hewa ya bar 0.2, si zaidi, maana kuta bapa zinavimba haraka. Maji ya sabuni kila mshono. Kona moja ya juu, pale mishono mitatu inapokutana, ilitoa povu. Nimeichimba kwa kikataji cha kabaidi mpaka kitundu kikaisha, kwa sababu kupitisha tao juu ya kitundu kunakisukuma tu pembeni. Nimeishona upya kwa argoni tupu, buluu ya 2.4, ampea 120, lita 11, na kizuizi cha gesi kando yake. Kwenye kipimo cha pili mshale wa geji haukusogea.

Vishikio vya nje vimebaki, vya milimita 6. Hivyo havihitaji heli: argoni, tangsteni ya 3.2, ampea 180, na bati la tangi lisipewe zaidi ya ukingo wa kidimbwi.